Skrini ya Katikati

Nimesikia mmeagiza skrini ya nne. Hongereni. Nilipostaafu niliwaachia tatu, nikadhani zinatosha duka lenye feni moja, lakini mimi sasa ni mfugaji wa kuku na kuku hawaniulizi habari za skrini. Kwa hivyo nitasema na nyinyi mliobaki pale dukani, kabla hamjaifungua hiyo mpya na kulitupa boksi lake. Boksi msilitupe. Siku moja mtahama, na hapo mtaibeba skrini kwa blanketi huku mkinikumbuka.

Wengine wenu hamjui kwa nini duka dogo la Embu lilihitaji zaidi ya skrini moja. Mnadhani ni maringo. Hapana. Ni kwa sababu ya shingo yangu.

Nilipoanza kazi tulikuwa na kompyuta moja, na skrini yake ilikuwa ya zile za zamani zenye kisogo kikubwa nyuma, ukiiweka mezani hakuna mahali pa kuweka kikombe. Tulitengeneza kadi za harusi, mabango, na vyeti vya watoto wa nasari, lakini kazi iliyolipa kodi ya duka ni vijitabu vya mazishi. Mji ulio na hospitali kubwa hauishiwi na kazi hiyo. Sisemi hivyo kwa furaha, nasema tu jinsi ilivyokuwa. Familia inakuja na picha ya marehemu na maneno yaliyoandikwa kwa mkono: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliokoka lini, mke ni nani, watoto ni akina nani. Mimi napiga chapa. Nao wanasimama nyuma yangu wakitazama kama nitaacha mtu.

Lazima watazame. Watu wetu husoma kijitabu cha mazishi kwa makini kuliko hati ya shamba. Aliyetajwa mle ndani ametajwa mbele ya kanisa na majirani, na ambaye hakutajwa ana kazi ya kueleza maisha yake yote. Kwa hivyo wanasimama watano, sita, wananihemea shingoni, kila mmoja ananyoosha kidole na kugusa kioo. Nilijua nani amekunywa uji na nani amekula nduma bila kugeuka. Jioni kioo kilikuwa na alama za vidole kutoka kila kata.

Mwenye duka alikuwa Mzee Nyaga, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyarudia. Siku moja alirudi na skrini mbili bapa za mtumba kutoka ofisi iliyokuwa ikifungwa, akanunua na mpya moja kuwa yangu. Yangu akaiweka katikati ya meza. Za mtumba akazigeuza ziwatazame wateja, moja kwenye benchi la karibu na mlango, upande wangu wa kushoto, nyingine kwenye benchi la karibu na mashine ya fotokopi, upande wa kulia. Kisha akaweka sheria mbili. Mteja hapiti nyuma ya meza. Mteja hagusi kioo. Alizisema asubuhi na akazisema tena jioni, na shingo yangu ikapona.

Siku ya kwanza kipanya kilipotea. Nilikisukuma kushoto, kikagonga ukingo wa skrini yangu kikakataa kuendelea. Nilikisukuma kulia, kikatokea kwenye skrini ya kushoto. Mzee Nyaga alisema ni virusi, akatuma mtu akanunue dawa ya virusi. Haikuwa virusi. Kompyuta haina macho. Haijui umeiweka skrini upande gani wa meza, na usipoiambia inakisia. Ingieni kwenye mipangilio, mtaona visanduku vyenye namba, mvivute vikae jinsi skrini zenu zilivyokaa mezani. Hii ya nne mkiiweka juu ya kabati, iambieni kompyuta kwamba iko juu ya kabati. Msipofanya hivyo mtakitafuta kipanya mpaka chai ipoe.

Pia amueni kila asubuhi kama skrini za wateja zinaonyesha kitu kilekile mnachokiona nyinyi, au kila moja ina chake. Mzee Nyaga aliwahi kusahau. Alikuwa akijaribu muundo mpya wa kijitabu, na kwa kuwa hakutaka kutumia picha ya marehemu wa watu, alitumia yake mwenyewe, akaweka juu maneno ya ibada ya mazishi. Akaenda benki. Picha ikabaki ikiangalia mlango. Kufikia saa sita, wamama wa kanisa lake walikuwa wamekuja na majani ya chai na sukari, na mmoja alikuwa amekwisha kuanzisha wimbo. Aliporudi aliwapata dukani wakilia. Aliwasalimia kwa mkono, mmoja mmoja, akawaambia hajafa. Sukari aliipokea.

Lakini kitu nilichotaka kuwaambia hasa ni rangi. Skrini mbili hazifanani rangi hata zikiwa zimetoka kiwanda kimoja, sembuse zile zetu. Ile ya mlangoni ilikuwa imechakaa, taa yake ya ndani imekufa nusu, kila kitu kilionekana cheusi. Ile ya fotokopi ilikuwa na mwanga mwingi kupita kiasi na vibonye vyake vya kupunguza vilikuwa vimeng'oka. Alikuja mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta, akitaka bango la kibanda chake cha Embu. Nikamwekea picha nzuri ya miraa yake mwenyewe aliyoipiga asubuhi. Akaketi upande wa fotokopi, akatazama kwa muda, akasema hiyo ni ya juzi na haiuziki. Nikamhamisha upande wa mlangoni. Akasema hiyo sasa imeoza. Nikamwambia ni skrini. Akaniambia yeye ameuza miraa tangu akiwa kijana na hajawahi kusikia miraa ikiharibiwa na skrini. Aliondoka akaenda kuchorewa na mtu wa brashi.

Baada ya hapo nilimwomba Mzee Nyaga anunue skrini mbili zinazofanana. Akasema zinawaka. Nikaomba tena mwezi uliofuata, akasema bado zinawaka. Ndivyo zilivyokuwa Alhamisi ile walipokuja watu wa Mzee Mugambi.

Mzee Mugambi alikuwa mtu wa Kanyakine aliyefanya kazi ya ofisi hapa Embu mpaka akastaafu, akaugua, akafa. Kule Kanyakine alikuwa na mke, Mama Kagendo, aliyemwoa akiwa kijana. Hapa Embu alikuwa na mwingine, Mama Njiru. Kila nyumba ilijua kwamba nyingine ipo, lakini hawakuwahi kuketi chumba kimoja. Wangeweza kuendelea hivyo, ila mchungaji wa kule nyumbani alikuwa ameona vijitabu viwili vikija, kimoja kimemtaja Mama Kagendo peke yake kuwa mke na kingine kimemtaja Mama Njiru peke yake. Akasema hatasoma vijitabu viwili kwenye kaburi moja. Waende wakatengeneze kimoja, la sivyo watafute mwingine wa kuzika. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na mwili ulikuwa utoke mochari Ijumaa asubuhi. Sisi tulihitaji mchana wote wa Alhamisi kuchapa na kukunja.

Kwa hivyo waliletwa kwangu. Mama Kagendo alikuwa mama mzee, mwembamba, amefunga kitambaa cheupe kichwani, na alikaa benchi la mlangoni na binti yake Kagendo, ambaye ni mwalimu na alikuwa na sauti ya darasani. Mama Njiru alikaa benchi la fotokopi na mwanawe Njiru. Alikuwa amechoka mpaka macho yalikuwa yameingia ndani. Katikati nilikuwa mimi, na migongo ya skrini zangu mbili za mtumba ikanikinga kama ua.

Mimi nilijua wamekuja kwa sababu gani. Mama Kagendo alikuwa amesafiri kutoka Kanyakine ili jina lake liandikwe kuwa mke. Mama Njiru alikuwa amekuja ili lake lisifutwe. Kila mtu dukani alilijua hilo, hata mteja aliyekuja kutoa fotokopi. Na hakuna aliyelitaja. Walianza na picha ya juu, na wakabishana juu ya rangi.

Kagendo alisema baba yake amepakwa masizi. Njiru alisema hapana, mzee amefanywa mzungu. Nikaongeza mwanga kidogo, Kagendo akatulia, Njiru akasema sasa hata pua haionekani. Nikapunguza, Njiru akatulia, Kagendo akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu wa rangi hiyo akiwa hai. Nikawaeleza kwamba wanatazama skrini mbili tofauti, moja imechakaa na nyingine ina mwanga mwingi, na kwamba picha yenyewe ni moja. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili rahisi. Kagendo akamwangalia Njiru, Njiru akamwangalia Kagendo, kisha wote wawili wakaniangalia mimi, na nikaona kwamba kila nyumba imeamua nimehongwa na ile nyingine.

Nikachapa nakala moja ya majaribio ili waone kwenye karatasi. Wino ulikuwa unaisha na Mzee Mugambi akatoka kijivu. Sikuwaonyesha.

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwisha. Nilihuzunika sana, na niwaambie ukweli, nilikasirika pia, kwa sababu nilikuwa naona jinsi itakavyokuwa. Kagendo alikuwa amekwisha kusema kwamba kuna duka jingine kule chini linalochapa. Wangetoka, kila nyumba ingechapa chake, mchungaji angekataa, na huyo mzee angelala mochari wakati watu wanapigana juu ya weusi wake. Na yule mama wa kitambaa cheupe angerudi Kanyakine bila kuandikwa popote.

Yeye alikuwa hajasema neno tangu waingie. Alikuwa ametazama tu ile skrini yake ya giza. Sasa akamwambia bintiye kitu kwa Kimeru, polepole, na Kagendo akanigeukia.

"Mama anauliza kovu iko wapi."

Nikauliza kovu gani. Mama Kagendo akajigusa mwenyewe juu ya nyusi ya kushoto. Kagendo akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akatafuta, hakuona kitu. Akasema kwa ile sauti ya darasani kwamba sasa ameelewa, nyumba ya Embu imeagiza baba afutwe kovu ili asifanane na watu wake. Njiru naye akainama kwenye skrini yake, akatafuta, hakuona kitu, akasema wao ndio waliolifuta, na hiyo yote ni kumfanya mama yake mjinga. Mama Njiru akaanza kukusanya mkoba wake.

Mimi nilikuwa naliona. Lilikuwa pale kwenye skrini yangu, mstari mdogo uliopinda, wazi kabisa. Upande mmoja giza lilikuwa limelimeza, na upande wa pili mwanga ulikuwa umelifuta, na hakuna mtu aliyelifuta isipokuwa hizo skrini za Mzee Nyaga zilizokuwa bado zinawaka.

Nikawaambia, "Njooni huku kwangu."

Hakuna aliyesogea. Sheria ile walikuwa wameiona ukutani, maana Mzee Nyaga alikuwa ameiandika na kuibandika. Nikarudia. Nikavuta kiti changu mbele, nikasukuma waya kwa mguu, nikasema kovu liko hapa, aje mwenye kulitaka. Mama Kagendo akainuka kwanza. Alizunguka meza akishika ukingo wake. Mama Njiru, ambaye alikuwa amefika mlangoni, akasimama, kisha naye akarudi akapitia upande ule mwingine. Wakakutana nyuma ya kiti changu, nami nikahisi pumzi mbili shingoni kama zamani. Mmoja alikuwa amekunywa chai ya tangawizi. Mwingine hakuwa amekula chochote.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile wote wawili kuona sura moja. Mama Kagendo akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya nyusi ya kushoto, na hakukiondoa. Mzee Nyaga alikuwa kwenye fotokopi. Alikitazama kidole kile, akageukia mashine yake.

"Ni kondoo ya mahari," Mama Kagendo akasema kwa Kiswahili, bila kumwangalia mtu. "Ile dume. Ilimpiga kwa mlango ya baba yangu."

Mama Njiru akasema, "Mimi aliniambia ni mwizi. Alipigana na mwizi."

"Mwizi gani? Ni kondoo. Alilia mbele ya wazee wote, mimi ndio nikamfunga na leso."

Kisha Mama Njiru akacheka. Hakukusudia, ilimtoka tu, na akaziba mdomo kwa mkono, lakini Mama Kagendo alikuwa ameanza naye. Wakacheka wale wajane wawili nyuma ya kiti changu mpaka meza ikatikisika. Kagendo na Njiru waliangalia chini, kila mmoja kwenye benchi lake. Kisha kicheko cha Mama Njiru kikageuka kilio, na akasema kwamba kwa muda wote ule wa ugonjwa alikuwa akilipaka kovu hilo mafuta, akimsifu kwa ajili ya mwizi.

Mama Kagendo akamsikiliza. Alikuwa bado na kidole kwenye kioo.

"Mama Wawira," akaniambia, na hata sikujua kwamba alikuwa amelishika jina langu, "andika huyu pia. Ndiye alimwosha mpaka mwisho."

Mama Njiru akajipangusa uso na ncha ya kanga. "Lakini yeye ndiye aanze," akasema. "Kondoo ni yake."

Nikaandika hivyo hivyo. Mama Kagendo kwanza, Mama Njiru akafuata, mstari mmoja, neno moja mbele yao: wake. Sikumuuliza Kagendo wala Njiru. Picha niliiacha ilivyokuwa kwenye skrini ya katikati, na wino mpya ulipoletwa ikatoka nyeusi kidogo kuliko nilivyopenda. Hakuna aliyelalamika. Mzee Nyaga alikunja vijitabu pamoja nasi mchana wote na hakusema chochote kuhusu sheria. Wiki iliyofuata alinunua skrini mbili mpya za wateja zinazofanana. Alisema zile za zamani zilikuwa zimeacha kuwaka, na nilipoenda stoo nikazichomeka, ziliwaka.

Kwa hivyo hiyo ya nne mkiiweka, iwekeni kando ya hizo nyingine na picha ya uso wa mtu mnayemjua, mziangalie zote kwa pamoja. Msianze na maua. Maua yanadanganya na hakuna anayejali. Wekeni uso, mrekebishe mwanga mpaka mumtambue kotekote, na kama skrini moja inakataa kumtambua, msiigeuze iwatazame wateja. Na mkiwa na familia mbili, tafuteni kisingizio wakae benchi moja. Semeni skrini moja imevunjika.

Kuna jambo moja la mwisho, kisha nirudi kwa kuku. Ule mchana wa Alhamisi nilipofuta vioo, nilifuta cha mlangoni, nikafuta cha fotokopi, na cha katikati nikakifuta pembeni pote nikaacha alama moja, pale palipokuwa na nyusi. Sijui kwa nini. Kesho yake nikaiacha tena. Nikazoea kufuta kuizunguka, na ukizima skrini ungeiona vizuri, kidole cha mtu mwembamba. Iliishi pale mpaka wiki yangu ya mwisho ya kazi. Wiki hiyo mmoja wenu, simtaji na anajijua, alifika mapema kabla yangu na akafuta vioo vyote vitatu. Alitumia kitambaa kikavu kisicho na manyoya, akaenda kutoka juu kwenda chini, hakubonyeza, hakuacha hata ukungu. Alifanya kila kitu kama nilivyomfundisha. Nikamwambia amefanya vizuri, maana alikuwa amefanya vizuri, nikatoka nje nikasimama kidogo.